Profesa wa Mitishamba na Kiti cha Urais

Hapa Tabora, Ameenah Gurib-Fakim akitajwa, na hatajwi mara nyingi, husemwa kuwa ni yule mama wa Mauritius aliyewahi kuwa rais. Ni kweli, kwani aliapishwa Juni 2015, akiwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na Bunge la nchi hiyo kushika kiti hicho. Lakini mimi ninayefundisha kemia sekondari naona tunaanza kuisoma habari yake kutoka ukurasa wa mwisho. Alikuwa na miaka 55 siku ile, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa ameitumia kwenye kazi isiyopigiwa vigelegele: kuorodhesha mimea ambayo watu wa visiwa vya Mauritius na Rodrigues huitumia kama dawa, kisha kuipeleka maabara ili ijulikane ndani yake mna nini. Kemia aliisomea Uingereza, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Exeter mwaka 1987, akarudi kwao kufundisha. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya L'Oréal na UNESCO ya wanawake katika sayansi.

Uzito wa kazi hiyo niliuelewa sokoni. Nilimkuta mzee mmoja anayeuza mizizi na magome, nikamwamkia, akanionyesha gome la mninga lenye utomvu uliokauka, mwekundu kama damu.

“Hili linaongeza damu, mwalimu.”

“Kiasi gani kwa siku, mzee?”

“Chemsha mpaka maji yawe mekundu.”

Mekundu kiasi gani? Gome la mti mchanga na la mti mzee ni sawa? Lililovunwa masika na la kiangazi? Mzee hakuwa mjinga hata kidogo. Miti ya miombo anaijua kuliko mimi na vitabu vyangu. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye, kuandika anachokijua na kukipima bila kukidharau wala kukiamini kabla ya kipimo. Gurib-Fakim alikuwa mtu wa namna hiyo.

Ndiyo maana sishangilii sana urais wake. Nchini Mauritius mwenye madaraka ya utendaji ni Waziri Mkuu, na rais kwa sehemu kubwa ni wa heshima na itifaki. Chuo Kikuu cha Mauritius, alikofundisha, kiko Réduit, na ikulu iko huko huko Réduit, kwa hiyo kwa barabara hakuhama mbali. Kwa kazi alihama mno. Najua wapo watakaosema kwamba sauti ya rais husikika kuliko ya profesa, na ni kweli kwamba akiwa madarakani aliendelea kuitetea sayansi ya Afrika popote alipoalikwa. Hata hivyo, hotuba haichambui gome.

Machi 2018 alijiuzulu, kutokana na kashfa ya kadi ya benki aliyopewa na shirika moja lisilo la kiserikali na kutumika kwa manunuzi binafsi. Yeye alikana kutenda kosa, akaeleza kwamba aliitumia kwa bahati mbaya na kwamba fedha alizirudisha. Baadhi ya walimu wenzangu hulitumia tukio hilo kudai kwamba wanasayansi hawaiwezi siasa. Hoja hiyo siikubali, maana kadi haihusiani na kemia. Nikimlaumu, namlaumu kwa kipimo cha fani yake mwenyewe: maabara ndiyo inayotufundisha kubandika jina kwenye kila chupa, ili kila tone lijulikane limetoka wapi.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alipata habari zake akaniuliza asome nini ili awe rais kama yeye. Lile gome la mninga nilikuwa nimelinunua, nikalihifadhi ndani ya bahasha yenye tarehe na jina la kijiji lilikovunwa. Nikamkabidhi, pamoja na mizani ya maabara.