Mwacheni fundi amulike

Alasiri moja, Uwanja wa Ndege wa Mwanza, tuliambiwa tusubiri kidogo. Kupitia kioo tukamwona fundi amechuchumaa kwenye mguu wa ndege, tochi mkononi, kitambaa begani. Dakika arobaini zikapita. Mama mmoja aliyekuwa ameshapakiza boksi lake la sato hakujizuia: "Barafu inayeyuka huko! Kama ni mbovu si waseme?" Mimi nilinyamaza. Nimetengeneza matipa Nyakato miaka mingi, na najua fundi anayemulika jeki mara mbili ameona kitu.

Haidroliki ya tipa na ya ndege ni ndugu. Pampu inasukuma mafuta kwenye mabomba, mafuta yanasukuma jeki, jeki inafanya kazi. Ila kwenye ndege nyingi za abiria mafuta hayo yana mgandamizo wa psi 3,000, wakati tairi la gari dogo lina kama 30. Ndiyo yanayokunja magurudumu na kubana breki. Kwenye ndege kubwa, hata kupinda kona angani kunayategemea. Bomba likitoboka tundu la sindano, mafuta yanaruka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Ndiyo maana tunalitafuta kwa kipande cha boksi. Kijana mmoja gereji kwetu alitumia kidole. Mara moja tu.

Wengi hudhani kukagua ni kutazama kama kuna mafuta chini. Kuna uvujaji usioonekana mpaka pampu iwashwe. Tena kitabu cha matengenezo huruhusu matone kadhaa kwa dakika sehemu fulani, kwa hiyo fundi anakaa na saa yake akihesabu tone moja moja. Huenda yule wetu alikuwa kwenye hesabu hiyo. Na mpira wa kupitishia mafuta unaosuguana na chuma hauvuji leo. Unasubiri Jumanne ijayo, mkiwa juu.

Mtaniambia ndege ina mifumo ya akiba. Ni kweli. DC-10 ya United Airlines, safari namba 232, ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki. Tarehe 19 Julai 1989 sahani ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka, vipande vikakata mabomba, na mifumo yote mitatu ikakauka. Marubani waliifikisha Sioux City, Marekani, kwa kuongeza na kupunguza moto wa injini mbili zilizobaki. Kati ya watu 296, walikufa 112. Wachunguzi walikuta kwamba sahani ile ilikuwa na ufa ambao wakaguzi hawakuuona.

Kwa hiyo mimi siogopi kuchelewa. Naogopa fomu iliyosainiwa kabla tochi haijawashwa. Gereji nimeyaona hayo: bosi anapiga simu, mawe yanasubiriwa saiti, fundi anaweka tiki na kufunga boneti. Makelele yetu abiria nayo yanamfikia fundi, hata kama kuna kioo katikati.

Tuliruka saa kumi na moja kasoro. Magurudumu yalipokunjwa nilisikia pampu ikinguruma chini ya miguu yangu, ziwa likainama dirishani. Mama wa sato alikuwa ameshalala.