Niliziba pancha mwenyewe, mama mkwe akala pilau na ushahidi

Jamani msinicheke. Jumamosi baiskeli yangu, Phoenix ile ya kizamani, si ikapata pancha tairi la nyuma. Fundi wetu wa pale chini ya mwembe anaziba kwa buku tu, ila siku hiyo nikajiona mjanja, nikasema buku ya nini wakati gundi ninayo, msasa upo na kipande cha tyubu kuukuu cha kukatia viraka kipo, kwani fundi ana mikono mitatu?

Cha kung'olea tairi ndo sina. Nikanyata jikoni nikabeba vijiko viwili, vile vizito vya wageni wife anavyovificha juu ya kabati. Vinang'oa balaa! Tyubu nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye beseni la kufulia, mapovu hayo, katundu kadogo kama ka sindano. Nikasugua, nikapaka gundi, na haraka zangu nikabandika kiraka hapohapo gundi inateleza kama mlenda, kumbe unatakiwa uiache ikauke kwanza. Kikabanduka. Nikarudia, nikasubiri, kikashika haswa, tairi nikalirudisha kwa vijiko vilevile, nikapiga pampu mpaka jasho, nikapanda. Sijafika hata getini, fyuuuu.

Nafungua, kiraka kizima kabisa, ila pembeni kuna matundu mawili yamekaa sambamba utadhani nyoka kauma. Nikaziba yote. Nikapanda, fyuuu tena, na safari hii tundu liko jirani na lile la kwanza kabisa, hapo nikaanza kuwaza ni nani mtaani ananichukia. Dogo wangu alikuwa kakaa ananitazama muda wote anakula embe, akaja akachungulia ndani ya tairi, "Baba, na huu mwiba unauacha?" Mwiba wa mgunga, umechomoza, umetulia zake unanisubiri.

Gundi imeisha, viraka vimeisha, nikasukuma mpaka mwembeni. Fundi akaikagua tyubu, akafika kwenye yale matundu mapacha, akauliza kwa upole,

"Kaka, ulitumia kijiko?"

"Hapana."

"Viwili?"

Nikanyamaza. Nikatoka pale na tyubu mpya, elfu sita imeenda.

Vijiko nikavigonga na nyundo vikakaribia kunyooka, nikavirudisha kabatini, nikajua kesi imekwisha. Jumapili mama mkwe huyo, bila taarifa. Pilau ikapakuliwa, wife akashusha vijiko vya wageni, na kile kilichopinda zaidi ndo kikaenda kwa mama yake. Mama akachota, kijiko kikaelekea sikioni. Akakigeuza, akakinusa.

"Mkwe wangu, hiki kijiko mbona kinanuka mpira?"

Nikasema labda sabuni, mama. Wife kimya, ananitazama tu. Dogo akatafuna nyama yake taratibu, akameza, akafuta mdomo.

"Bibi, ngoja nikuelezee."