Walipata nafuu, sawa. Lakini ni kwa sababu yenu?

Nimetumiwa ripoti nyingine ya mradi wa kuwasaidia wagonjwa wa maradhi ya kudumu. Jalada linang'aa, mama mmoja anatabasamu huku amefungwa kipimo cha presha mkononi, na ndani, ukurasa wa pili tu, kuna mchoro wa nguzo mbili: ndefu imeandikwa "kabla ya mradi", fupi imeandikwa "baada ya mradi". Wagonjwa wa kisukari na wa moyo waliokuwa hawatoki wodini, baada ya mwaka mmoja wa kupigiwa simu, kutembelewa na kufundishwa, wanalazwa mara chache. Chini yake, kwa wino mzito: mradi umefanikiwa. Basi, imetoka hiyo. Nguzo ya tatu haipo. Hakuna aliyejisumbua kuuliza kuhusu wagonjwa wengine, wenye maradhi yaleyale, ambao hawakuandikishwa: wao mwaka huo walilazwa mara ngapi?

Na usinielewe vibaya, siichukii miradi hii. Anayeishi na ugonjwa usiopona anahitaji mtu wa kumuuliza maswali katikati ya kliniki moja na nyingine. Kinachonikera ni hizo nguzo mbili na makofi yanayofuata.

Hebu tutazame mradi unamwandikisha nani. Unawaandikisha waliozidiwa. Faili zinafunguliwa, wanatafutwa waliolazwa mara nyingi zaidi miezi iliyopita, hao ndio wanaoitwa. Sasa, magonjwa haya hayaendi kwa mstari ulionyooka. Pumu hupamba moto kisha ikatulia. Mgonjwa wa moyo hujaa maji, akapewa dawa, akapungua, akarudi nyumbani. Ukimchukua mtu siku aliyofika kileleni mwa ubaya wake, kuna mawili: ashuke, au afe. (Waliokufa mara nyingi hawamo kwenye nguzo ya "baada". Nitawarudia.) Kwa hiyo kundi zima, hata ukilifungia mlango na kuondoka na ufunguo, mwakani litaonekana limepata ahueni. Jogoo akiwika asiwike, kutakucha. Ripoti hizi zinamlipa jogoo posho ya mapambazuko.

Wala si jambo jipya. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliandika mwaka 1886 alipopima urefu wa wazazi na watoto wao: watoto wa wazazi warefu kupindukia huwa warefu, ila kwa wastani hawawafikii wazazi wao. Kilichozidi mno hurudi kuelekea wastani. Hakukuwa na mradi wa kufupisha watoto. Kama ungekuwapo, bila shaka ungekuwa na ripoti yenye jalada linalong'aa.

Anayedhani natia chumvi atazame yaliyotokea Camden, mji wa jimbo la New Jersey, Marekani. Pale daktari Jeffrey Brenner na wenzake walianzisha mpango uliosifiwa kila kona. Walitafuta wagonjwa wanaoingia na kutoka hospitalini mfululizo, wakawatumia timu ya wauguzi na wahudumu wa jamii kuwafuata hadi nyumbani, kuwapangia dawa, kuwapeleka kwa daktari. Na kweli, ukilinganisha kabla na baada, kulazwa kulishuka sana. Kwa nguzo mbili, kazi ilikuwa imekwisha, watu wapige picha.

Lakini watu wa Camden walifanya jambo ambalo wengi hawathubutu, na kwa hilo nawavulia kofia: walikubali kupimwa kwa haki. Wagonjwa 800 walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia kwenye mpango, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa Januari 2020. Ndani ya siku 180, waliohudumiwa na mpango walirudi hospitalini kwa asilimia 62.3. Wasiohudumiwa? Asilimia 61.7. Kile kishuko kikubwa kilikuwa cha kweli kabisa, ila kilitokea kwa makundi yote mawili. Wagonjwa walikuwa wanashuka wenyewe.

Soma tena tarakimu hizo, kisha niambie utaiaminije ripoti isiyo na kundi la kulinganisha.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu kila nikiligusa jambo hili hurushiwa lilelile: "Unataka tuwanyime wagonjwa huduma kwa ajili ya utafiti wako?" Jamani. Tayari mnawanyima! Nafasi za mradi siku zote ni pungufu kuliko wagonjwa. Mnaowaacha leo mnawaacha kwa sababu wanaishi mbali, au hawana simu, au hawamjui mtu ndani. Kura inawezaje kuwa ukatili kuliko huo? Piga kura, andika majina ya pande zote mbili, na walioikosa nafasi awamu hii waingie awamu ijayo. Mmepata haki na mmepata kundi la kulinganisha kwa mpigo mmoja. Sioni kinachowashinda hapo, isipokuwa hofu ya kukuta 62.3 na 61.7 zenu wenyewe.

Haya, nikubali kidogo, maana wasomaji wangu wengine wana ndimi kali. Mipango mingine inafanya kazi. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002 ukiwa na watu zaidi ya 3,200 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa, uliwasaidia baadhi yao wapunguze uzito na wafanye mazoezi. Waliougua walipungua kwa asilimia 58, wakati kwa kundi lililopewa metformini, dawa ya kisukari, walipungua kwa asilimia 31. Lakini tunajuaje? Kwa sababu lilikuwepo kundi la tatu lililopewa vidonge visivyo na dawa. Hata mfumo wa bima ya wazee wa hukohuko ulipojaribu programu 15 za kuratibu huduma, tena kwa kura, programu 13 hazikupunguza wala kuongeza kulazwa kwa kiasi cha maana, na hakuna hata moja iliyookoa fedha ukishahesabu gharama zake. Zilizoonyesha dalili njema zilikuwa na wauguzi wanaoonana na mgonjwa ana kwa ana, si simu peke yake. Fundisho kama hilo lina thamani, na nguzo mbili hazingelitoa hata miaka mia.

Waliokufa na walioacha njiani: wahesabiwe. Ukianza na wagonjwa wengi ukamaliza na wachache watiifu, usinipe wastani wa wachache hao ukauita wastani wa mradi.

Halafu kuna takwimu za kujaza mwenyewe. Shangazi yangu alikuwa na daftari la sukari alilopewa na mradi, aandike vipimo asubuhi na jioni. Alikuwa akilijaza lote usiku wa kuamkia kliniki, kalamu moja, mwandiko mmoja, namba nzuri nzuri zisizomuudhi muuguzi. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, yule binti ana huruma, nikimwandikia kubwa anasikitika." Nina hakika daftari lile limo kwenye nguzo fupi ya ripoti fulani.

Hata kipimo cha kweli cha damu kinaweza kukupoteza. HbA1c inakuonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi mitatu hivi, nzuri sana. Lakini mwaka 2008 utafiti wa ACCORD, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulilazimika kusitisha matibabu ya kuibana sukari kwa nguvu, maana namba ilishuka na vifo vikaongezeka. Anayejisifu kwa namba ya maabara peke yake aulizwe watu wake wako hai na wana hali gani.

Na dodoso la kuridhika, lile la uso unaotabasamu na uso ulionuna, mimi silisomi tena. Linauliza kama mhudumu alikuwa mkarimu. Haliulizi programu yenyewe imemlia mgonjwa saa ngapi za wiki: foleni, daftari, simu za ukumbusho akiwa kazini, semina ya lishe anayoirudia mara ya tatu kwa sababu idadi ya mahudhurio haijatimia. Mgonjwa mwenye kisukari, presha na magoti mabovu anaweza kuwa kwenye miradi mitatu isiyojuana, na yote mitatu itamhesabu kuwa ni mafanikio yake.