Nani Aamue Mshtakiwa Aone Nini?

Mwaka 1987 mahakama moja ya Texas, Marekani, ilimfunga Michael Morton maisha kwa kosa la kumuua mkewe. Wakati huo, faili la polisi lilikuwa na maelezo ya bibi, mama wa marehemu, kwamba mjukuu wake wa miaka mitatu alimsimulia jinsi zimwi lilivyomuua mama, na kwamba baba hakuwepo nyumbani. Majirani nao walikuwa wameeleza habari za mwanamume mwenye gari la kijani aliyeegesha karibu na nyumba ile. Jopo la raia lililomtia hatiani halikusikia hata neno moja la hayo. Alikaa ndani karibu miaka 25, hadi mwaka 2011 vipimo vya vinasaba kwenye kitambaa chenye damu kilichookotwa jirani na nyumba vilipoonyesha mtu mwingine.

Sheria ya kumlinda ilikuwepo. Tangu mwaka 1963, katika shauri la Brady, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba upande wa mashtaka lazima ukabidhi ushahidi unaomsaidia mshtakiwa, mradi una uzito katika kuamua hatia au adhabu. Tatizo ni hilo neno “uzito”. Anayepima uzito ni mwendesha mashtaka mwenyewe, tena kabla kesi haijasikilizwa, wala hajui utetezi utakuja na hoja gani. Akishaamini kwamba mume ndiye muuaji, maneno ya mtoto atayasoma kama ndoto za mtoto. Hapo hahitaji kuwa na nia mbaya. Wapo pia wanaoficha makusudi: mwendesha mashtaka wa kesi ya Morton, aliyekuja kuwa jaji, mwaka 2013 alihukumiwa siku 10 jela kwa kuidharau mahakama. Siku kumi! Na si kisa cha peke yake. Sajili ya Marekani ya watu waliofungwa kisha wakaonekana hawana hatia ilichambua kesi 2,400 za kuanzia mwaka 1989 hadi mwanzoni mwa 2019, ikakuta katika asilimia 44 ushahidi wa kumsaidia mshtakiwa ulifichwa.

Basi faili lote lifunguliwe? Wanaokataa wana hoja nzito, na si haki kuwaita maadui wa haki. Katika kesi ya genge, jina na anwani ya shahidi vimo humo humo kwenye maelezo yake, na nakala ikishatoka mikononi mwa wakili hakuna anayejua itafika wapi. Mtu aliyebakwa anaombwa simu yake. Ndani mna picha, mazungumzo na daktari, ugomvi na dada yake. Akijua vyote hivyo vitasomwa na mtu anayemtuhumu, huenda asiende polisi kabisa. Hofu hiyo naichukulia kwa uzito wote.

Lakini Uingereza, mwaka 2017, kesi ya ubakaji dhidi ya kijana mmoja ilivunjika mahakamani baada ya utetezi hatimaye kupewa rekodi za simu ya mlalamikaji zenye ujumbe zaidi ya 40,000. Kabla ya hapo utetezi ulikuwa umeambiwa hamna la maana humo. Kijana alikuwa ameishi na tuhuma hiyo karibu miaka miwili.

Ninaegemea kwenye njia ya Kanada. Mwaka 1991, katika shauri la Stinchcombe, Mahakama ya Juu ya huko ilisema matunda ya upelelezi si mali ya upande wa mashtaka ya kupatia ushindi, ni mali ya umma. Mwendesha mashtaka anaweza kuzuia kitu, mathalani jina la mtoa habari, ila utetezi ukipinga, jaji ndiye anayekagua na kuamua. Shahidi anabaki na kinga yake, na mwenye kutaka kushinda kesi hawi tena mwenye neno la mwisho.

Texas nayo ilibadilisha sheria yake, ikaanza kutumika mwaka 2014 kwa jina la Morton. Kabla ya kesi kusikilizwa au mshtakiwa kukiri kosa, pande zote mbili zinathibitisha kwa maandishi au mbele ya mahakama orodha ya kila kilichokabidhiwa. Wakili wa Morton angekuwa na orodha kama hiyo mkononi mwaka 1987, angeweza kuuliza: mama wa marehemu alihojiwa, maelezo yake yako wapi?