Mwambie Kabla Hujamgusa

Mdogo wangu alizaa mwaka 2020, korona ikiwa imepamba moto. Uchungu ulimshika usiku, kisiwani Pate, huku Lamu, na kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi ilikuwa inatufungia ndani tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Nahodha wa boti akasita. Hakuogopa ugonjwa, aliogopa kusimamishwa baharini na watu wenye bunduki. Tena maji yalikuwa yamekupwa, na anayeujua Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, anajua chombo hakipiti pale mpaka maji yajae. Tukangoja. Mtu ana uchungu, tunangoja maji!

Kufika hospitali, nikazuiliwa mlangoni. Akaingia peke yake. Watu waliojifunika gubigubi, macho tu yanaonekana, wakampima njia bila kumwambia neno. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi. Lakini hata arobaini ilipokwisha, mdogo wangu alikuwa bado akishtuka mlango ukigongwa, na mtoto alipelekwa kliniki na mamangu kwa kuwa yeye hakutaka kuuona mlango ule tena.

Hicho ni kiwewe. Wako wauguzi na wakunga waliofundishwa kuhudumu wakijua kwamba mama aliyelala mbele yao huenda amekuja nacho tangu nyumbani: alipigwa, alibakwa, alizika mtoto wa kwanza. Na kwetu Lamu kafyu ya korona haikuwa ya kwanza. Ile ya 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, wengi hawajaisahau.

Muuguzi hana haja ya kumhoji mama ayataje hayo yote. Amchukulie kila mzazi kama mtu aliyewahi kuumizwa. Ajitambulishe kwa jina, maana barakoa imeficha uso. Aseme anataka kufanya nini na kwa nini. Angoje kuambiwa "haya", na akiambiwa "ngoja kidogo", autoe mkono. Uchungu ukiwa umepanda, sauti ya upole inayokueleza kinachofuata ni kitu cha kushikilia.

Najua nitajibiwa kwamba lilikuwa janga, wauguzi wachache, glavu za kuhesabu. Ni kweli, na siwalaumu kwa kuogopa. Walikwenda kazini wakiwa hawajui watarudi na nini kwa watoto wao, na wengi wamebaki na kiwewe chao ambacho hakuna aliyewauliza. Wao pia wanastahili mkubwa wa zamu anayewauliza wamelalaje, na mahali pa kulia. Mtu aliyevunjika atamtulizaje mwenzake?

Lakini mlango ule sitausamehe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka huohuo wa 2020 kwamba kila mwanamke, hata mwenye korona, ana haki ya kuwa na mtu amtakaye wakati wa kujifungua. Na kabla ya shirika lolote kusema, kwetu mzazi hakuachwa peke yake: yuko mamake, yuko shangazi, yuko somo yake, yule kungwi aliyemfunda. Ningevalishwa barakoa, ninawe mikono, nisimame kichwani pake. Basi.

Sasa mdogo wangu ana mimba tena, ya miezi saba. Juzi tulikuwa tunakuna nazi, hakuniuliza habari za boti wala pesa. Aliniuliza kama safari hii nitaruhusiwa kuingia. Nimekwenda kliniki kuuliza, na nitarudi tena Jumatatu mpaka nijibiwe.