Kijana akishaambiwa "jiongeze"

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma. Kijana mmoja wa mtaani kwetu akaja kwa miguu. Pikipiki yake imekamatwa na askari, na ni ya mkataba: kila jioni lazima apeleke hesabu ya Sh10,000 kwa bosi, iwe imetembea au imelala. Kosa hakulielewa, karatasi hakupewa. Aliambiwa neno moja tu: "Jiongeze," yaani toa chochote. Akakopa Sh30,000 kwa mama ntilie.

"Hivi mjomba," akaniuliza, "hii nchi ina wenyewe, eh?"

Swali hilo linanitisha kuliko umaskini wake. Umaskini tunaujua huku Ugogo. Katika Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya wakoloni kubeba nafaka, ng'ombe na wapagazi, watu walikufa kwa maelfu na wengine wakatawanyika. Waliobaki walirudi kulima uwele. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema njaa peke yake humfanya mtu gaidi. Ni kuwatukana maskini. Mtu huvunjika anapouziwa haki yake.

Tazameni Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mwaka 2016 wananchi wa Msumbiji walikuja kujua kwamba nchi yao ilibebeshwa madeni ya siri yanayokaribia dola bilioni 2. Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha, alitiwa hatiani New York mwaka 2024 kwa kashfa hiyo. Mwanzoni mwa 2017 wachimbaji wadogo wa rubi wa Montepuez, Watanzania wakiwemo, walifurushwa. Oktoba mwaka huohuo vijana wenye silaha wakavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Mafundisho ya chuki yalikuwa yameshahubiriwa pale kwa miaka, siyakatai. Ila mhubiri alikuta shamba limeshalimwa. Oktoba 2020 moto ukavuka mto hadi Kitaya, Mtwara, kwetu.

Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) liliwahoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali kama hayo Afrika. Katika ripoti ya 2017, asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Katika ile ya 2023, robo yao walitaja ajira kuwa sababu kuu. Nikisoma hayo namwona kijana wetu, kazi yenyewe ya kuazima, na anayeishikilia anataka chake.

Kesi kubwa za rushwa tunazisoma magazetini. Mimi naomba tuanze na hizi za elfu thelathini, maana ndizo zinazomfundisha kijana serikali ni nini. Makao makuu ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, yapo hapahapa Dodoma. Nikamwambia apige 113, namba yao ya kutoa taarifa.

"Nipige, halafu kesho nikutane nao barabarani?"

Akanyanyuka, akazihesabu tena zile noti tatu, akaenda kuikomboa pikipiki.