Haisomi, Babu

Ijumaa nilimpeleka ami yangu spitali kuchukua dawa za presha. Kasomesha skuli za Pemba miaka 34, kastaafu mwaka jana. Kijana wa dirishani akaipitisha kadi yake ya bima ya afya mara mbili, akamrejeshea: "Haisomi, babu." Haisomi kwa nini? Kimya. Ami akaipangusa kwa pindo la kanzu, akampa tena, kama kwamba ubaya ni vumbi. Damu ikanichemka.

Sipingi bima, tusielewane vibaya. Matibabu bure tumeyasikia tangu 1964, na kikaratasi cha "kanunue nje" nacho twakijua. Kuchangiana kuna maana yake, haya, nakubali.

Lakini mtumishi wa serikali anapokatwa mchango wa bima, makato huyaona mwezi uleule, hadi senti. Anapofika 60, nani anamkalisha akamwambia mshahara ukikatika nani anamchangia? Mkewe bado yumo? Miwani je? Kipimo kisichokuwepo Pemba, akaandikiwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, nauli ya boti ya watu wawili (maana mzee hasafiri peke yake) inatoka mfuko gani? Huo wa kanzu, bila shaka.

Ami alihudhuria semina ya wastaafu watarajiwa. Nimeliona faili lake: kalamu, daftari, na kurasa kumi na moja za ufugaji wa kuku. Kumi na moja! Kiinua mgongo kila mtu anakipangia. Kuhusu matibabu, anasema, waliambiwa "bima mtakuwa nayo", kisha zikaletwa sambusa. Mtu mwenye presha na sukari anafunzwa kuwakinga kuku na kideri, yeye mwenyewe hajui atatibiwa vipi.

Karatasi moja tu ingetosha. Kiswahili chepesi, maandishi makubwa: hiki kimo, hiki hakimo, hiki utalipa kiasi hiki, ukikwama piga namba hii. Impate kabla ya barua ya kustaafu, si baada ya kuaibishwa dirishani mbele ya wanafunzi wake wa zamani.

Na msiniambie kuna Pensheni Jamii, ile posho ya wazee ya serikali ya Zanzibar. Ni jambo jema lile, tangu 2016, na ilishapandishwa hadi shilingi 50,000 kwa mwezi, lakini inaanzia miaka 70. Ami ana 61. Presha yake itasubiri?

Dawa tulinunua duka la ng'ambo ya barabara, taslimu. Kadi kairejesha ndani ya plastiki yake, pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari. "Labda ni mtandao," kaniambia. "Jumatatu tutakuja mapema."